Nani Kamwibia Mwenzake Nyota

Nakumbuka Ijumaa moja huko Shauri Moyo, mwanangu, chumba kimejaa harufu ya hina na ndimu, bibi harusi amekaa mkekani kanyoosha mikono yote miwili kama anayengoja kupokea mtoto. Mkono wa kulia nilikuwa nao mimi. Wa kushoto alikuwa nao Zuhura, mke wa kaka yangu. Ndivyo tulivyofanya kazi siku zile, wapaka hina wawili, kila mtu mkono wake. Mmoja alianzisha maua, mwenzake akafuata, kwa zamu, na sharti lilikuwa moja tu: mikono ifanane. Siku hiyo zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu wa umri wangu hawapendi kulikiri. Nilikuwa namwonea wifi yangu wivu. Si wivu wa kupita, la, ni ule wa kulala nao na kuamka nao. Kazi hii niliianza kabla yake. Kijiti cha kwanza alichokishika nilimpa mimi. Kisha ghafla akina mama, kutoka Muthurwa mpaka Donholm, wakawa wanakuja kuuliza, "Zuhura yuko?" Nami nimesimama papo hapo mlangoni, macho yao yananipita tu. Hata jina lake ni la nyota! Basi nikajiambia huyu ameniibia nyota yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawaambia majirani, nikamwambia mama yangu, nikalisema mpaka nikaliamini.

Ijumaa hiyo dada yake bibi harusi aliinama, akatazama mkono mmoja, akatazama wa pili. "Aki hii ya kushoto ni fiti sana," akasema. "Hii ingine iko tu sawa."

Iko tu sawa! Nililipuka, mwanangu. Nilisimama bakuli la hina likapinduka, nikamnyooshea Zuhura kidole mbele ya wageni wote. "Mwizi wewe! Umenichukulia kaka yangu, umenichukulia wateja, na nyota yangu umeiiba. Unataka nini tena?" Zuhura aliinama akawa anafuta ile hina kabla haijafika kwenye kanga ya bibi harusi.

Aliyejibu ni shangazi yake bibi harusi, Mwalimu Rukia. Alikuwa amefundisha sayansi miaka mingi, na tangu asubuhi alikuwa amekaa pembeni akichagua mchele kwenye ungo. "Saida," akaniita, "njoo ukae hapa. Unazungumza habari za nyota. Unazijua nyota wewe?"

Nikaenda nikakaa.

"Ziko nyota zinazoishi mbilimbili, zinazungukana. Katika baadhi ya hizo, moja imeshachoka, moto wake umekwisha, imebaki ndogo na nzito. Basi inavuta gesi ya mwenzake, kidogo kidogo, inajilimbikizia. Ikijaa, inalipuka. Watu huku chini wanaona mwanga mahali ambapo hawakuona kitu, wanasema nyota mpya hiyo. Mpya wapi? Ni ile ile kongwe. Na ikishalipuka haifi. Inatulia, inaanza kuvuta tena, mpaka siku ya kulipuka tena." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Sasa niambie, mwanangu. Katika hizo mbili, inayolipuka ndiyo iliyoibiwa?"

Nilitazama mkono wa kulia, ule wangu. Karibu na kidole gumba palikuwa na ua lenye mkia uliojikunja. Zamu ilikuwa yangu, lakini nilikuwa nimejichelewesha makusudi mpaka Zuhura akachora la kwake, nikalichungulia. Majani nayo yalikuwa yake, ya harusi ya wiki iliyotangulia. Kwa miezi mingi sikuwa nimechora kitu kilichotoka kichwani mwangu.

Utadhani niliomba radhi. Sikuomba. Niliona haya nikanyamaza, na kule kunyamaza nikakuita toba. Haikupita miezi mingi, tukiwa kwenye harusi nyingine Donholm, nikamlipukia tena kwa jambo dogo kuliko lile la kwanza. Safari hii Zuhura alimaliza mkono wake, akafunga kikapu, akaondoka, na kazi pamoja nami akaiacha. Nikaenda harusi iliyofuata peke yangu. Nilikaa mbele ya bibi harusi na kijiti mkononi, na ua la kuchora sina.

Nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni anakuna nazi, hakuinua macho. Nikasema, "Wifi, mwizi ni mimi. Maua yale yote ni yako. Nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti."

Aliendelea kukuna. Kisha akasema, "Nilijua zamani, wifi. Wewe unadhani kwa nini nilikuwa nachora polepole vile? Nilitaka uyaone vizuri."

Nililia siku hiyo, mwanangu, na sioni haya kukwambia.

Siku hizi mjukuu wangu ananisomea kwenye simu kwamba kuna nyota ya aina ile wataalamu wanaingojea ilipuke tena. Mara ya mwisho ilikuwa zamani za bibi yangu. Kumbe hata miaka yote hiyo haikuitosha kuacha! Basi usidhani wivu unaisha kwa kuulipua. Utapata nafuu kidogo, halafu utaanza kukusanya upya, na haba na haba hujaza kibaba. Uuseme wivu ungali mdogo, na umwambie mwenyewe, si majirani. Mficha uchi hazai. Na kabla hujalia kwamba umeibiwa nyota, tazama kwanza mikononi mwako una nini cha mwenzako.

Mimi sijapona. Juzi tu, tukiwa tena kazini pamoja, bibi harusi mmoja alimtaka Zuhura kwanza, nikamwambia hapo hapo, "Wifi, hiyo imeniuma." Akacheka, akasogea nikae.

Mungu akupe mwenzako anayekuzidi, mwanangu. Akuweke karibu naye, na akujaalie moyo wa kumwambia ukweli kabla hujajaa. Amin.