Tabuliye kwenye Msumari

Miaka ile ya hamsini, pale Kibabi, mke wangu alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye dispanseri. Mimi, niliyesoma sekondari nikakosa kazi, ndiye niliyesafiri sana: kutoka kitandani mpaka jikoni.

Siku hizo buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, ilitibiwa kwa sindano za dawa kali, sumu tupu ikikugusa vibaya. Chupa zilizokwisha, bandeji, vitambaa vilivyolowa, vyote vilikuwa kazi yake. Anavisukuma shimoni kwa fimbo, si kwa mkono, anawasha moto, upepo ukiwa mgongoni. Akirudi anavua tabuliye, kile kitambaa cheupe cha kufunga kifuani, anakitundika kwenye msumari nyuma ya nyumba. Hakuna wa kukigusa.

"Tabuliye iko na cheo kunipita," nilimtania.

"Yenyewe inafanya kazi, Papa," akanijibu, jina aliloniita tangu tupate mtoto.

Jioni moja alirudi dawa imemmwagikia kifuani.

"Hii haifuliwi tena. Kesho nitaipeleka kwa shimo."

Usiku malaria ikamshika. Hiyo kesho hakuweza kuamka, na wiki haikwisha tukamzika.

Siku ya kumaliza matanga, dada zake waligawana nguo zake, ndiyo desturi yetu. Nilisimama mlangoni nikiaga kitenge kimoja kimoja. Sikulalamika, maana nilijua kule nyuma imebaki tabuliye, na jasho lake lingali ndani. Nitaificha chini ya godoro, nani atajua?

Nilipozunguka nyumba, nikamkuta dada yake mkubwa, mtoto wetu mgongoni, ananyoosha mkono kwenye msumari.

"Shemeki, hii pamba iko nzuri. Nitamukatia mutoto kitambaa cha kulalia."

"Usiguse!"

"Ee! Unamunyima mutoto kitu cha mama yake?"

"Iko na sumu ya dawa. Mwenyewe alisema inaenda kwa shimo."

"Basi ipeleke. Ao unataka kulala nayo?"

Wanawake wakacheka, kile kicheko cha matanga. Nami nikatafuta fimbo, maana godoro nililolifikiria ndilo hilo hilo mtoto alilokuwa akilalia.

Nikaitungua kwa fimbo, nikaenda nayo mpaka shimo la dispanseri, nimenyoosha mkono kama mtu aliyebeba nyoka. Nikaisukuma ndani, nikawasha, nikageuka upepo unipige mgongoni, kama alivyokuwa akifanya.

Moshi wote ulielekea kwenye mashamba ya maharage. Niliporudi, dada yake akaniangalia macho yaliyolowa, na sikuwa hata na moshi wa kusingizia.