Wake Wawili wa Mwezi

Nilipokuwa mtoto, mwezi alikuwa na wake wawili, na kila mtu kwetu Nkoaranga alijua yupi mwema na yupi mchawi.

Mke mwema alikuwa nyota ya jioni, ile kubwa nyeupe isiyopepesa, inayobaki upande wa mjini jua likishazama. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimama uani na kutuonyesha mwezi mchanga kando yake, mwembamba kama ukucha. "Subirini," alisema. Na kweli, kila jioni mwezi alizidi kunenepa. "Mnaona? Anamlisha."

Mke mbaya alikuwa nyota ya alfajiri. Huyo alitokea upande wa Kilimanjaro, wakati tunaamka kukata majani ya ng'ombe. Mwezi akimkaribia yule huwa amekonda, amepinda mgongo, na siku chache baadaye hayupo kabisa. Bibi alimtemea mate. "Huyo anapika lakini hapakui."

Tulimuuliza mbona hatuwaoni wote wawili, maana mmoja akiwapo mwenzake hapatikani miezi na miezi. Bibi akatucheka. "Nyie mmeona wapi wake wenza wanakaa kigoda kimoja?" Jibu lilitufurahisha, tukaacha kuuliza. Nikifikiri leo, ushahidi wote tulikuwa nao pale uani, bure kabisa, na tuliucheka.

Nyumbani nasi tulikuwa na wake wawili. Mama Mkubwa alikaa chini, karibu na barabara. Mama yangu, mke wa pili, alikaa juu, kahawani, mahali ambapo alfajiri inafika kwanza. Kwa sababu ya ndoa hiyo ya pili, kanisa lilimzuia baba kwenda meza ya Bwana, na Bibi, mtu wa kanisa kuliko kengele yake, hakumsamehe mama yangu. Mwanawe alimsamehe siku hiyo hiyo. Kwake dhambi ilikuja kwetu imevaa sketi, ikamkuta mwanaume wa watu ametulia zake.

Baba alikuwa mtu wa mwili, mwenye kicheko. Kisha akaanza kunywa maji. Alikunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani, akaamka usiku kunywa tena, na pale mgombani alipokojoa walijaa sisimizi. Alikula sana, na bado suruali ilimwanguka. Majirani walimtazama, halafu wakamtazama mama.

Mama ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari akasema damu yake ina sukari. Akampa vidonge, na masharti akampa mama: pombe basi, chai ya sukari basi, ndizi mbivu basi, na chakula kiwe cha kipimo. Sasa mama yangu hakukalia dawati hata siku moja. Kipimo angekitoa wapi? Akachukua bakuli langu la bati, la bluu, lililomomonyoka rangi ukingoni, akamwekea mume wake chakula ndani yake.

Baba alilishika kwa vidole viwili. "Mama Rhoda, kumbe mimi nimekuwa mdogo wake Rhoda?"

"Kula, Baba Rhoda. Ukipona nitakupakulia kwenye beseni."

Wakacheka wote wawili. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu hakikurudi.

Naomba nisikilizwe hapa: lile bakuli lilikuwa linafanya kazi. Baba aliacha kuamkia maji. Sisimizi walihama. Lakini nyama ya mwili hairudi kwa haraka hiyo, na watu waliona mifupa tu. Sisimizi hakuna aliyewaangalia ila mimi.

Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, Bibi alipanda kuja kuchukua maziwa. Akamkuta baba jikoni na bakuli langu mkononi. Alimnyang'anya. Alichungulia ndani, akaligeuza akatazama chini yake, kama vile chakula kingine kimefichwa huko.

"Hiki nini?"

"Chakula cha Baba Rhoda, mama," mama alisema.

"Cha mtoto hiki."

"Daktari amesema..."

"Daktari ndiye aliyemnyonyesha?"

Akamkamata mama mkono, akamvuta nje. Mimi nikawafuata. Juu ya migomba mwezi alikuwa amebaki kauzi tu, na pembeni yake ile nyota, kubwa, inang'aa kama imepakwa mafuta.

"Jiangalie," Bibi alimwambia. "Jiangalie pale juu. Mwanangu atakwisha kama yule, na wewe utabaki unang'aa."

Mama hakulia. Alisema, "Mama, mimi siyo nyota. Mimi napika."

Baba alisimama mlangoni. Mtu mzima, mwenye shamba na ng'ombe, amesikia yale yote, na maneno ya daktari aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Neno moja tu lingetosha. Alitazama chini, akachukua koti lake msumarini, akashuka na mama yake. Nimemlilia baba yangu, ndiyo, lakini asubuhi ile sijaimeza mpaka leo. Alichoka kula kwenye bakuli la mtoto, akaona afadhali awe mtoto wa mama yake. Vidonge vilibaki dirishani. Mama akanituma nimkimbizie, na Bibi akanirudisha navyo njiani.

Kule chini alilishwa. Nilikuwa nikipita kwenda kuteka maji, nikaona kwa macho yangu: loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, imejaa mpaka ukingoni, ndizi zilizoiva mpaka zimepasuka, pombe, chai ambayo kijiko kinasimama kwa sukari. Mama Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alimlisha kwa upendo, huku anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Bibi alikaa kando anahesabu matonge kwa furaha. Watu wakasema, amerudi.

Kisha akaanza kulala mchana. Siku ya mwisho niliingia nikainama karibu yake. "Shikamoo, baba." Hakuitika. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizosahauliwa kwenye kapu. Alikufa kahawa ikiwa bado mbichi.

Basi onyo la Bibi likawa limetimia, na hakuna kitu kibaya kama mtu aliyetabiri halafu ikawa. Msibani Mama Mkubwa aliulizwa, akajibu, "Alifika kwangu ameshakwisha." Sijui kama alidanganya au aliamini. Wazee wa ukoo walikaa, wakala, wakaamua. Migomba ibaki, ng'ombe abaki, mama aende kwa kaka yake Momela na binti yake. Nilikuwa darasa la pili. Kule Momela njia ya shule ilipita kwenye nyati, na mjomba akasema hana mtoto wa kulisha nyati. Shule yangu iliishia hapo. Nayaandika haya kwa kusoma nilikojifundisha ukubwani, kwa hiyo anayetaka kusahihisha asahihishe.

Mjomba alipomjengea kibanda, mama aliomba kitu kimoja tu: mlango utazame machweo. Aliamka alfajiri maisha yake yote kukamua na kufagia, na sikumwona akiinua uso. Nikiwa msichana mkubwa nikathubutu kumuuliza kama yale aliyosema Bibi ni kweli.

"Nilimpimia kwa bakuli lako," alisema. "Labda lilikuwa dogo mno."

Alikufa nalo hilo.

Sasa nakaa Kimandolu kwa mwanangu, nina kisukari changu mwenyewe, urithi pekee nilioupata kwa baba. Chakula changu anakipima mjukuu wangu Anjela, anayesomea mambo ya sayansi chuoni. Juzi jioni tulikaa barazani, bakuli langu mapajani, yeye na simu yake ameielekeza juu.

"Bibi, ile siyo nyota. Ni sayari, inaitwa Zuhura."

Akaanza kunisomea. Huko kuna joto la kuyeyusha risasi. Mawingu yake ni tindikali. Siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Na wapo wataalamu wanaosema huenda juu kwenye mawingu hayo kuna vijidudu hai, na wengine wanasema hakuna, wanagombana kwa ajili ya harufu ya hewa fulani.

"Wakiwapo, wanakula nini?" nikamuuliza.

"Bibi, hata kama wapo haijulikani."

"Na yule wa alfajiri, kwake kukoje?"

"Yupi?"

"Mke mwingine."

Nikamwambia habari ya wake wa mwezi, hiyo tu, mengine sikumwambia. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Bibi jamani! Ni hiyo hiyo. Inazunguka jua. Ikiwa upande huu tunaiona jioni, ikihamia upande ule tunaiona alfajiri. Ni moja."

"Moja?"

"Moja, Bibi. Na mwezi uko mbali nayo kabisa. Haulishwi na mtu."

Nilishika kijiko, sikukipeleka mdomoni. Nilikuwa naona mlango unaotazama machweo. Masikini mama, alikwepa alfajiri miaka yote ile, kumbe mlango wake uliangalia nyota ile ile.

Watu wametuma vyombo mpaka huko kwenye tindikali kuuliza kama kuna anayeishi. Vizuri, waulize. Kutoka kwa Mama Mkubwa mpaka kwetu maji ya chai hayajachemka umeshafika, na hakuna aliyepanda kumuuliza mama daktari alisema nini.

Nikamaliza chakula. "Anjela, niongezee."

"Hapana, Bibi. Kipimo kimeisha."

"Unanikondesha."

"Ndiyo, nakukondesha. Kasirika tu."

Nikalamba kijiko, nikampa bakuli. Akaenda nalo jikoni akiimba, na hakuna mtu aliyemkamata mkono na kumvuta nje kumwonyesha juu.