Kuswaga Pande Mbili

Mwalimu wa Kiingereza hakuwa na haraka ya kuandika maana ya neno ubaoni. Alilitamka taratibu, akiizungusha chaki vidoleni mpaka mikono ikawa myeupe, kisha akamtafuta mtu wa kulieleza. Mwaka ule wa ukame, 2000, neno lilikuwa "ambiguous", na aliyeitwa ni Katoo, ambaye alikuwa amerudi shuleni Kitengela baada ya kupeleka ng'ombe wa babake mbali kutafuta nyasi. Katoo alisimama, akalirudia neno kwa kusitasita. Darasa likaanza kucheka.

"Ukiswaga ng'ombe huku na mwenzako anawaswaga kule, wataenda wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Watazunguka tu, mwalimu."

"Neno lilianzia hapo. Kwa Kilatini ni kuswaga pande mbili. Sasa ni maneno ambayo hujui yanakupeleka wapi. Nipe mfano."

Katoo alifikiri. "Nikimuuliza baba kama nitamaliza shule, anasema tutaona."

Wote walicheka isipokuwa mwalimu. Jumamosi alifika kwao, viatu vimejaa vumbi, akamuuliza mzee swali lilelile.

"Tutaona, mwalimu."

Mwalimu akashukuru kwa chai, akaomba kikombe kingine, wala hakuinuka. Kutoka zizini Katoo alimsikia akiuliza tena na tena kwa sauti ya darasani, taratibu, bila hasira, mpaka baba akashindwa kujizuia kucheka.

"Haya, mwalimu. Atamaliza."

Katoo akaondoka mbio, asije akamsikia baba akiongeza neno.