Matope ya doria

Mvua ilinyesha polepole juu ya Kolwezi, na sisi tuliopanga foleni kaunta ya polisi tulikuwa kama tunaota. Mama mmoja aliomba doria mtaani kwao, maana wezi walikuwa wamerudi.

"Kule kuko matope mingi, mama," polisi alisema, akifuta kiatu chake kinachong'aa. "Patrouille, ile doria, haiwezi kufika."

Nyuma yangu mwalimu wa Kiingereza akasema taratibu, "Tata, Baingereza banasema patrol. Ile neno balikamata kwa Bafaransa, na pa mwanzo ilikuwa kutembea mu matope."

Polisi akainama, akaanza kukunja suruali.

Siku hizi mvua ikinyesha, naitegea sikio barabara yetu nyekundu. Huenda neno doria limekumbuka kwao, matopeni.