Makuti ya Mavyaa wa Elkana

Sina haja ya kumsingizia Elkana. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi siku zote, kwa sababu mtu mwema ni taabu kumsema. Mimi ni Mwanatatu wa Mtongwe, mshona makuti, na makuti ndiyo yaliyonikutanisha naye mwaka ule wa arobaini na nne, vita vikipiganwa huko kwa wenyewe na sisi huku tukiambiwa kila siku tujikaze.

Changamwe, ukishapita Magongo, ilikuwa inajengwa kambi ya makuli wa bandarini. Mabanda manane, kila banda watu hamsini, kuta za udongo na paa za makuti. Elkana ndiye aliyekuwa karani wa stoo. Kijana wa Kirabai, amesoma misheni, na suruali yake fupi ya kaki imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Kabla ya hapo alikuwa amebeba magunia Kilindini miaka mitatu. Bwana wa kambi, Mzungu mmoja wa shingo nyekundu, alimtoa huko kwa ajili ya mwandiko wake mzuri, akamkabidhi kalamu na stoo nzima kwa sharti moja: masika yakifika, banda hata moja likivuja, Elkana arudi kwenye magunia. Elkana aliyaogopa yale magunia kuliko moto wa Jehanamu waliomfundisha huko misheni. Alikuwa akiniambia, "Bi Mwanatatu, nikilala naota niko kwenye ngazi ya meli na gunia la saruji mgongoni."

Basi akaanza kuchagua watu wa kumletea makuti, na hapo ndipo nilipoona vituko. Mtu akitaka makuti huenda kwa mshonaji, akayashika, akayapindua, wakapatana. Elkana hakutaka hivyo. Alitaka barua. Kila mwenye makuti aandike barua ya kuomba kuleta makuti. Sasa mimi kusoma kwangu ni msahafu, na wenzangu wengi hata huo hawana, kwa hiyo sote tulikwenda kwa mwandishi mmoja pale Magongo, aliyekuwa na meza yake kibarazani mwa duka. Naye alikuwa na barua moja tu kichwani, akatuandikia sote ile ile. Elkana akapokea barua kumi na moja zilizofanana kila neno, akakaa nazo siku tatu akizipima, kisha akatuchagua wawili: mimi, na Mwarandu wa Mishomoroni. Tulipomwuliza wenzetu wamekosa nini, akasema barua zao zilikuwa na madoa ya mafuta.

Lakini kukagua, wallahi, alijua. Mzigo wangu wa kwanza tuliuvusha kwa mashua mpaka Kipevu, tukaupandisha kwa mkokoteni mpaka kambini, jua la saa sita. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo, bi mkubwa," nikamwitikia, kisha akaanza kunitesa. Alichukua kuti moja moja akaliinua juani. Akiona mwanga unapita, analiweka kando. Akapitisha kidole baina ya jani na jani. Kidole kikiingia, kando. Yaliyobaki akayamwagia maji kwa ndoo, ati aone yanapita wapi. Katika makuti mia nane alinirudishia mia mbili. Nilimtukana moyoni njia nzima mpaka Mtongwe. Mimi na wanawake wenzangu tukakaa tukashona upya, na mzigo wa pili ukapita wote. Siku ile niliona fahari, nakiri.

Mwarandu alirudishiwa mkokoteni mzima, na alistahili. Makuti yake yalishonwa na watu wenye haraka, jani moja pahali pa mawili, na mapengo ya kupita mkono. Mwengine angerudi nyumbani akashone vizuri. Mwarandu alikwenda Magongo, akakaa mkahawani siku mbili, akiwanunulia watu kahawa na kuuliza: huyu karani ni mtu wa ukoo gani, ameoa kwa nani? Akaambiwa mkewe ni Kafedha, binti wa Jumwa, mjane anayeuza mihogo hapo hapo Magongo. Mwarandu akamaliza kahawa yake akaenda kununua mihogo.

Huenda nawe hujui mambo ya wakwe kwa watu wa kule kwao. Sisi nasi tuna heshima zetu, lakini yao ni nyingine. Mwanamume hamtazami mavyaa wake, mama wa mkewe, usoni. Hamtaji jina. Yule mama naye hamtazami mkwe. Na kitu kilichotoka mkononi mwa mavyaa hupokewa kama kilivyo, hakipinduliwi, hakichokorwi, hakisemwi. Misheni iliwafundisha mengi, lakini hapo haikugusa.

Wiki iliyofuata mkokoteni wa Mwarandu ulikuja tena kambini, makuti yale yale ya mapengo, na mbele yake anatembea Jumwa na kanga mpya. Mwarandu alikuwa amemwambia kwamba kuanzia siku ile Jumwa ndiye mwenye mzigo, na mama wa watu akaamini kwa moyo safi. Elkana akatoka stoo na ndoo yake ya maji. Akamwona. Ndoo akaitua hapo hapo, akageuka, akaingia ndani, na sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Yapokelewe." Mzigo mzima ukapokelewa. Mimi nilikuwa nyuma yao na mkokoteni wangu. Jumwa alipokwisha kwenda zake, Elkana akatoka, akachukua ndoo, akanirudishia mimi makuti tisini.

Hapo nilishindwa kunyamaza.

"Elkana, mwanangu," nikamwambia, "yale uliyoyapokea sasa hivi umeyaona?"

"Yale ni ya mama."

"Najua ni ya mama. Yatavuja."

"Sasa mimi, Bi Mwanatatu, nimmwagie mama maji kwenye mzigo wake mbele za watu?"

"Mtume mwengine akague."

"Nikimtuma mtu, ni mimi niliyekagua."

"Basi kagua akishaondoka."

"Halafu nikiyakataa, arudishiwe nani?"

Kila mlango niliomfungulia aliufunga mwenyewe. Nikamwuliza, na magunia je? Akajipapasa bega, akasema pengine mwaka huu mvua itakuwa chache.

Ndani ya stoo alikuwa na ubao wa chaki wa kutupima sisi waletaji. Askari wa lango alinisomea. Safu tatu: ubora, wakati na tabia. Mimi ubora nimepewa saba, wakati sita, tabia nne, ati kwa sababu nabishana. Jumwa, ubora paliachwa wazi. Wakati kumi, tabia kumi. Ukijumlisha, amenipita. Na kwa kuwa amenipita, Elkana, mtu wa haki, akampa mabanda sita na mimi akaniachia mawili. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira ya kupasua nazi kwa meno.

Usidhani alikuwa hajui. Mafundi wa kuezeka wakiwa juu ya paa walimwona yeye chini kupitia mapengo ya makuti, amesimama ndani ya banda, na wakamwambia. Kafedha mwenyewe alinieleza kwamba mumewe hali akashiba, kila wingu likipita anatoka nje kulitazama. Nikamwambia Kafedha, zungumza na mamako. Akanitazama kwa mshangao. "Nimwambie mama kuwa mume wangu ameyachunguza makuti yake?"

Masika yalikuja mwezi wa nne, na hayakuwa machache. Siku ya pili ya mvua mabanda yote sita yalivuja, si kwa matone, kwa mifereji. Watu mia tatu walijikunyata humo ndani, na kulipopambazuka wakakataa kwenda bandarini. Mabanda yangu mawili yalikuwa makavu, nami sitajifanya sikufurahi. Nilivuka na mvua ile ile kutoka Mtongwe mpaka Changamwe, makusudi, nije nione uso wa Elkana.

Nilimkuta ndani ya banda la tatu na Bwana wa kambi, kofia ya Bwana inachuruzika maji. Hakuwa mjinga yule Mzungu. Alikwishaona kwamba mabanda mawili hayakuvuja, naye alimpenda Elkana, hakutaka kumpoteza. Akaamuru aliyeleta yale makuti aitwe. Mwarandu akatafutwa Mishomoroni nzima hakuonekana. Aliyekuja ni Jumwa, mbio kutoka Magongo, amerowa chapachapa, akidhani anaitwa kupongezwa. Alipomwona mkwewe akasimama mlangoni na kuwapa mgongo, kama inavyopasa kwao, nami nikasimama kando yake.

"Mama," Bwana akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "makuti hii nani naangalia?"

Jumwa akamjibu bila kugeuka, kwa sauti ya kusikiwa na kambi nzima. "Hakuna, bwana. Karani wako ana adabu. Tangu nianze kuleta mizigo hajaitazama hata mara moja. Hata kuti moja hajaligusa. Wakwe wa siku hizi hawako hivyo, bwana, nakuambia kweli. Umepata mtu."

Kila neno la kumsifu lilikuwa linamzika. Nilitamani kumziba mdomo, mimi niliyekuja kufurahi. Furaha yenyewe ilikuwa imekwisha kuniishia, na niliona uchungu ambao sikuutarajia.

Bwana akamgeukia Elkana. Akampa njia, sikatai, alimpa. "Wewe sasa sema kwa mama," akamwambia polepole. "Sema makuti hii mbaya. Sema tu, kazi yako nabaki."

Ndiyo hayo tu aliyotakiwa, makuti haya ni mabaya, na kila mtu mle ndani alikuwa ameloa kwa sababu ni kweli. Elkana akafungua kinywa. Maji yalikuwa yanamdondokea utosini kutoka kwenye makuti yenyewe, yanashuka puani, na hakuyafuta. Nikawa namwombea aseme, aseme tu, mama atanuna mwezi mmoja, atapelekewa mbuzi, yaishe.

"Makuti ya mama," akasema Elkana, "ni mazuri."

Bwana hakugomba. Alinyosha mkono tu. Elkana akafungua funguo za stoo kiunoni, akamtilia kiganjani, akatokea mlango wa nyuma ili asimpite mama. Nilimwona akishika njia ya Makupa, iendayo bandarini, katika mvua, hakimbii.

Jumwa alikuwa bado amewapa mgongo, uso nje kwenye kelele za mvua, hakuona kitu wala hakusikia. "Mbona kimya?" akaniuliza. "Mzungu amesema nini?"

Mabanda yale sita sasa yalikuwa yangu, nilijua. Nikamtazama yule mama. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na uso wote unacheka.

"Amesema mkweo ana adabu sana," nikamwambia.

"Hilo nalijua," akasema Jumwa, akaniomba nimfungie kanga vizuri arudi kwenye mihogo yake.