Sauti ya Mashine ya Papa

Papa yangu alikuwa mwalimu, lakini sasa macho yake imekufa. Anaandika na laptop yenye kumusomea kwa sauti kila herufi anayogusa. Bila sauti, ile mashine kwake ni ubao tu.

Na ile sauti, mimi njo niliiua. Sisi bafundi ba mashine ba Butembo, mega za internet ni gali, donc mumoja anapakua, wengine tunakopi kwa clé USB. Nilikopi noyau mupya, ule moyo wa système unaojua vyombo vyote vya mashine. Ilikuwa na ba-paquet tatu. Ya tatu ilikuwa nzito, clé imejaa, nikasema, aah, hii ya nini? Nikaiacha. Nikaenda kwa Papa, Mavivi, nikatia noyau mupya, nikafuta ya zamani ju ya kupata nafasi, nikakimbilia gari ya kurudi. Hata sikungoja mashine iwake tena. Mupumbavu kabisa!

Kesho yake Papa akapiga simu: "Mutoto wangu, mashine imenyamaza."

Juma mbili nilimuambia kwa simu bonyeza hapa, bonyeza pale, bure. Mwisho nikarudi, barrière ya askari baada ya barrière, mugongo ikiuma. Mashine ikaniambia haina carte son, kile chombo cha kutoa sauti. Siku mbili nilibadilisha réglages za sauti, nikafungua vis zote zinazofunga mashine, nikaitukana. Papa alikaa karibu, akisema tu, "Pole, weye. Kula kwanza." Iyo pole iliniuma kuliko matusi.

Siku ya tatu njo nikaangalia mahali noyau inaweka ba-pilote, ile inayoiwezesha kuona kila chombo. Ya sauti haikuwamo. Kumbe ilibakia ndani ya paquet ya tatu! Mashine haikuwa na kosa hata kidogo. Nikatembea mpaka karibu na aéroport kutafuta réseau ya simu, nikaipakua na simu, nikarudi kuiweka.

Sauti ikatoka, ikisoma Kiswahili kama Mufaransa mwenye mafua. Nilicheka, nilikuwa nimechoka mno. Ju ya kujaribu, nikafungua maandishi ya mwisho. Papa aliyaandika wakati mashine ilikuwa bubu, vidole vyake vinajua njia, lakini hakujua kama hata neno moja limeingia. Mashine ikasoma:

"Mutoto anachoka na barabara ju yangu. Akishindwa, hakuna neno. Nitazoea kukaa kimya."

Papa akapunguza sauti mbio. Kiisha akauliza, "Donc, kosa ilikuwa wapi?"

Nikamuambia mashine imezeeka.