Baba Alipigia Makofi Insha Yangu

Wanangu na wajukuu wa ukurasa huu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia. Nina miaka themanini na saba, ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, naishi Kilosa. Admin, nifichie jina. Simu hii ni ya mjukuu wangu, yeye ndiye anayeandika ninayosema, na hata yeye anayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Enzi za Mwingereza, huku kwetu kila ukitupa jicho ni mkonge. Baba yangu alilima mahindi na ufuta ng'ambo ya mto Mkondoa. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, mtaa mzima ulinisindikiza stesheni. Miaka ya mwanzo Kiingereza kilinitoa jasho. Vitabu vya hadithi tulivyosomeshwa vilijaa theluji, basi na sisi kwenye insha tukaandika theluji, tena kwa madaha, watoto wa Kilosa ambao hata barafu ya kopo hatujaiona! Mwalimu wetu, Mzungu mpole, akachoka. Akasema, "Andikeni mnachokijua. Nataka nione njia, nione mti, nijue nimefika." Tangu siku hiyo niliipenda lugha ile kupita kiasi.

Likizo moja, nikiwa darasa la kumi, nilikuta baba amemficha mtu shambani. Aliitwa Simoni, alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge aliyeletwa kwa mkataba kutoka kusini, mbali sana. Alipata habari kwamba mwanawe mgonjwa, akaomba ruhusa, akanyimwa, akatoroka. Siku zile kuukimbia mkataba ni jela. Mguu wake ulikuwa umechomwa na mwiba wa mkonge ukaoza, kwa hiyo baba akamweka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mahindi, mpaka apone aweze kutembea. Tuliojua tulikuwa watatu: baba, mimi, na rafiki yake baba, Mzee Saidi, aliyekuwa nyapara kwenye shamba lile lile la mkonge na ndiye aliyeleta dawa.

Mimi nilimpelekea ugali. Akishakula, nilimsomea vitabu vyangu vya shule na kumfasiria. Kila mara alinikatiza, "Mwalimu, huyo mtu alifika kwao?" Sina hata ndevu, ananiita mwalimu. Nilimpenda Simoni, na ninalisema hilo wazi.

Niliporudi shule tukapewa insha ya mtu shujaa tunayemjua. Nikamwandika yeye. Jina nilibadilisha, lakini mengine yote niliyaweka, mto, dungu, ufuta, mguu. Niliandika kwa Kiingereza nikiamini nimemficha mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu atakayeingia. Sikufikiri kwamba wenye lugha ile ndio waliokuwa wakimtafuta.

Insha ikawa ya kwanza, nikachaguliwa kuisoma siku ya wazazi na wageni. Baba alikuja kwa treni, kanzu imenyooka. Hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini nilipomaliza alisimama akapiga makofi kuliko watu wote. Akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia, "Habari za kilimo, baba." Kisha akaja Mzungu mmoja, meneja wa mashamba ya mkonge ya upande wetu, akanipa mkono, akaniuliza kwa upole kama shamba lile lipo kweli. Nami, kwa kiherehere cha kuonyesha Kiingereza changu, nikamjibu kwa sentensi kamili kama tulivyofundishwa. Nikamtajia mpaka kivuko. Baba amesimama pembeni, anatabasamu, kofia mkononi.

Askari walikwenda moja kwa moja kwenye dungu, hawakuuliza njia. Simoni alifungwa kamba akapandishwa kwenye lori. Baba naye alifungwa miezi kadhaa kwa kumficha. Alipotoka alikuwa amekonda, akaniita, akasema, "Pale tulipajua watatu. Mimi sikusema. Wewe ulikuwa shule. Amebaki nani?"

Nikajibu, "Mzee Saidi."

Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Mzee Saidi alishika msahafu akaapa, baba hakumsikiliza. Watu wakamtenga mpaka akahamia Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji cha huku huku wilayani Kilosa. Alipokufa, hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kuchimba kaburi. Baba naye aliacha wosia kwamba nyumba ile tusizikane nayo. Nimeushika wosia huo zaidi ya miaka hamsini huku nikifundisha watoto wa watu insha. Kila nikifungua kitabu namsikia Simoni akiuliza swali lake.

Wiki iliyopita alikuja kijana hapa. "Shikamoo, babu." Ni mtoto wa Hamisi, mwana wa Mzee Saidi, niliyechunga naye mbuzi utotoni. Hamisi yuko kitandani, hana siku nyingi. Kijana akainama akasema, "Baba anaomba umsamehe babu yetu kwa lile jambo la Simoni. Anasema nyumba zetu zizikane, asije akaondoka na aibu hii."

Yeye ndiye anayeniomba mimi msamaha! Maisha yake yote ameamini kwamba baba yake alikuwa msaliti. Nikisema "nimesamehe", nitakuwa nimemzika Mzee Saidi mara ya pili. Nikisema ukweli, naogopa nitamuua mgonjwa kwa hasira, na jina la baba na langu litakuwa gumzo la kila mtaa. Ijumaa baada ya swala wanakuja kunichukua kwenda Ulaya.

Mjukuu wangu ameacha kuandika, ananitazama. Ananiuliza, "Babu, Simoni alifika kwao?"

Sijui. Sikuwahi kujua. Nishaurini, wanangu, Ijumaa nimwambie nini Hamisi?